Viti 26 vya Pwani

  Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huwa hatulisemi mpaka limeshatufika: namna mipaka ya maeneo bunge inavyokatwa upya. Nitaanza na hesabu. Mwenye kalamu na aichukue, kwa sababu mazungumzo yote ya leo yamekaa juu ya hesabu hiyo.

Sensa ya 2019 ilitukuta Wakenya 47,564,296. Katiba imeweka maeneo bunge 290, hayazidi wala hayapungui. Gawanya watu hao kwa maeneo hayo, unapata 164,015. Hicho ndicho kipimo. Ndiyo idadi ya watu ambao kila mbunge wa eneo angewawakilisha kama nchi ingegawanywa sawasawa.

Sasa njooni Pwani. Kaunti zetu 6, kuanzia Kwale hadi Lamu, na kupanda hadi Taita Taveta, zilikuwa na watu 4,329,474 kwa sensa hiyohiyo. Gawanya kwa 164,015. Unapata 26 na chenji kidogo. Je, leo Pwani ina maeneo bunge mangapi? Mombasa 6, Kwale 4, Kilifi 7, Tana River 3, Lamu 2, Taita Taveta 4. Jumlisha: 26.

Barazani husikia sana watu wakisema kwamba Pwani imepunjwa viti vya Bunge. Yapo mengi tuliyopunjwa, na ardhi ndiyo ya kwanza, lakini kwa hili la idadi ya wabunge wa maeneo, kwa takwimu za 2019, fungu letu limetimia. Palipopinda ni ndani, katika jinsi sisi kwa sisi tulivyogawana fungu hilo.

Kwale, kwa wastani, mbunge mmoja ana watu 216,705. Kilifi ni 207,684. Mombasa 201,389. Ukifika Tana River wastani unashuka hadi 105,314, Taita Taveta 85,168, na Lamu 71,960. Hata huo wa Lamu unaficha jambo, kwa sababu Lamu Magharibi ilikuwa na watu 121,662 na Lamu Mashariki 22,258 tu. Kwa hiyo mtu mmoja wa Lamu Mashariki, tukimpima kwa kiti cha Bunge, sauti yake inalingana na ya watu karibu 10 wa Kwale.

Siku Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, itakapoketi kuchora upya, hayo ndiyo yatakayowekwa mezani. Hofu yangu, na nasema wazi, ni kwamba kila kaunti ya Pwani itakwenda na kilio chake, tugombane wenyewe kwa wenyewe juu ya fungu ambalo jumla yake haitabadilika. Majirani zetu wa Tanzania wana nafasi ambayo sisi hatuna. Mwaka 2025 tume yao iliongeza majimbo 8, yakatoka 264 yakawa 272, na Dar es Salaam ikapata Kivule na Chamazi bila ya jimbo jingine kufutwa. Kwetu 290 imefungwa ndani ya Katiba. Anayepata, anapata cha mwenzake.

Kifungu cha 89 cha Katiba ndicho kinachoongoza kazi hii. Kinataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya muda usiopungua miaka 8 na usiozidi 12, na kila eneo liwe na wakazi wanaokaribia kile kipimo kadiri inavyowezekana. Halafu kinalegeza kamba. Katika majiji na katika sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, idadi inaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 40. Kwingineko ni asilimia 30. Sababu za kulegeza zimetajwa humohumo: umbo la nchi na miji yake, historia ya wakazi, uchumi na utamaduni unaowaunganisha, na njia za mawasiliano.

Tena wanaohesabiwa ni wakazi wote, si waliojiandikisha kupiga kura peke yao. Mtoto aliyezaliwa Ganze wiki moja kabla ya sensa amehesabiwa sawa na babu yake. Kwa Kilifi na Kwale, ambako nyumba zimejaa watoto, hilo ni jambo kubwa, na nasikitika kwamba wanasiasa wetu wakizungumzia mipaka hukimbilia idadi ya kura walizopata, kama kwamba watoto hao hawahitaji mbunge.

Tuzigeuze hizo asilimia ziwe watu. Ukishuka asilimia 40 chini ya kipimo unafika kwenye watu 98,409. Chini ya hapo sheria hairuhusu eneo bunge. Ukipanda asilimia 30 juu unafika 213,219. Kwale, kwa wastani wake tu, imeshapita hapo. Mkiichora Kwale namna yoyote mpendayo, kwa maeneo 4 kuna eneo litakalovuka. Kaunti hiyo inadai eneo la 5. Kilifi inadai la 8 na la 9. Mombasa inadai la 7. Ukifuata kipimo bila kulegeza, Tana River inabaki na 2, Taita Taveta na 2, Lamu na 1. Jumlisha tena: 5, 9, 7, 2, 2 na 1. Ni 26 ileile. Kulegezwa kwa asilimia 40 kunaweza kuiokolea Tana River eneo lake la 3, na Taita Taveta ikabaki na 3 badala ya 4, lakini basi Kwale, Kilifi au Mombasa itangoja zaidi, au kiti kitafutwe nje ya Pwani, na huko nje nako wana hesabu zao. Nairobi peke yake, yenye maeneo 17, kwa kipimo hiki inadai 26 au 27.

Labda msikilizaji anajiuliza tulifikaje hapa. Kabla ya Katiba ya 2010 idadi ya maeneo bunge ilikuwa ikipandishwa kila serikali ilipoona haja: 188 kwa uchaguzi wa 1988, 210 kwa uchaguzi wa 1997. Nani aliongezewa na nani aliachwa, kila mmoja alikuwa na maoni yake, na maoni hayo hayakuwa mazuri. Sensa ya 2009 ilipokuja, Embakasi ya Nairobi ilikutwa na zaidi ya watu 900,000 na mbunge mmoja, na Lamu Mashariki watu 18,841 na mbunge mmoja. Tume ya mipaka ya wakati huo, chini ya Andrew Ligale, ikapewa kazi ya kupendekeza maeneo mapya 80 ili yafike 290. Pendekezo lilipotoka mwaka 2010 pakazuka vita vya maneno na kesi, na ikabidi IEBC iimalize kazi hiyo mwezi Machi 2012. Embakasi ikakatwa vipande 5. Huku kwetu Changamwe ikazaa Jomvu, Kisauni ikazaa Nyali, Msambweni ikazaa Lunga Lunga, Kaloleni ikazaa Rabai, na Bahari ikawa Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini. Pwani ikatoka 21 ikawa 26.

Lakini kulikuwa na maeneo 27 nchini ambayo hayakutimiza idadi, nayo yakaachwa yalivyo. Yalinusurika kwa sababu Katiba, katika masharti yake ya mpito, ilisema kwamba mapitio ya kwanza yasimfutie mtu eneo lililokuwapo. Othaya, Tetu na Mukurweini za Nyeri zilisalimika kwa sharti hilo. Lamu Mashariki nayo ilisalimika kwa hilohilo. Sharti lilihusu mapitio ya kwanza tu. Mapitio yajayo ni ya pili.

Kabla sijakwenda Lamu, niseme kidogo jinsi mstari wenyewe unavyokatwa, kwa sababu watu wengi hudhani kuna mtu Nairobi anayechora kwa rula. Kipande kidogo kinachotumika ni kata ndogo, ile yenye naibu wa chifu wake. Tume huchukua kata ndogo na idadi yake ya sensa, ikazipanga ziwe wadi, na wadi ziwe eneo bunge. Kuhamisha kata ndogo moja kutoka upande huu wa mto kwenda ule ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Kwa wakazi wake ni kwamba shule ya msingi ya watoto wao sasa iko wadi nyingine, fomu za basari zinatolewa kwingine, na mzee waliyemzoea hawawezi tena kumchagua. Ndipo ufundi wa siasa unapoingia. Ukitaka kumuua mpinzani, huna haja ya kumwibia kura: mkate kijiji chake katikati, nusu umpe jirani wa kushoto, nusu jirani wa kulia, awe mdogo kote kuwili. Au wakusanye wafuasi wake wote eneo moja ashinde kwa kishindo hapo, na kwingine kote asiwe na mtu.

Marekani wanaijua mbinu hii vizuri. Huko, katika majimbo mengi, ramani ya maeneo ya Baraza la Wawakilishi huchorwa na wabunge wa jimbo wenyewe, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu yao iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mahakama za shirikisho hazina kazi ya kuzuia chama kujichorea ramani ya kukipendelea. Sisi kalamu tumeiweka kwa tume, na nyuma ya tume tumeweka mahakama. Nafikiri tulifanya vyema, na tusikubali mtu yeyote airudishe kalamu hiyo mikononi mwa wanaogombea. Mnakumbuka ule mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba ulitaka kuongeza maeneo 70, na ukayagawa kabisa kwa kaunti ndani ya jedwali lake. Mwezi Machi 2022 Mahakama ya Juu ya kwetu ilisema jedwali hilo liliingizwa bila ya wananchi kushirikishwa. Ilikuwa sawa kulikataa, hata kama Pwani nayo ilikuwa imetengewa fungu humo.

Sasa Lamu Mashariki. Eneo hili lina wadi 3: Faza, Kiunga na Basuba. Faza ni kisiwa cha Pate na miji yake, Siyu, Faza yenyewe, Kizingitini, Tchundwa, Mbwajumwali. Kiunga ni ile pwani inayopanda hadi mpaka wa Somalia, pamoja na visiwa vya Kiwayu na Ndau. Basuba ni msitu, na ndani yake vijiji vya Waboni: Kiangwe, Basuba, Milimani, Mangai, Mararani.

Mtu wa Kizingitini akiwa na shughuli katika ofisi za serikali, safari yake inapangwa na maji. Boti ya kwenda Amu, mji wa Lamu, hupita mkondo wa Mkanda, na maji yakipwa Mkanda haupitiki kirahisi. Nahodha huondoka alfajiri au saa nane za usiku kufuatana na maji yanavyojaa, na abiria nao huamka saa hizo na watoto wao na mizigo yao. Atokaye Kiunga safari yake ni ndefu zaidi, anashuka na Kiwayu na Ndau, na kusi ikishika hujiuliza mara mbili kabla ya kupanda boti. Barabara ya kutoka Hindi kwenda Kiunga ipo, lakini kwa miaka mingi imekuwa ya mabomu ya kutegwa. Kijiji cha Mangai au Mararani hakina boti wala barabara ya kuaminika. Shule za huko zilifungwa kwa sababu ya mashambulizi ya Al-Shabaab, na kuna watoto waliokulia msituni humo ambao darasa kwao limekuwa la kufunguliwa na kufungwa.

Hii ndiyo jiografia inayotajwa katika Kifungu cha 89, na ndiyo ile njia ya mawasiliano, na ndiyo ile historia na utamaduni. Kama kuna eneo nchini lililostahili kulegezewa, ni hili. Ila asilimia 40 haitoshi. Eneo linahitaji watu 98,409, na Lamu Mashariki ina 22,258. Hata ukiichukua kaunti nzima ya Lamu, yenye watu 143,920, ukaigawa katikati kwa usawa kabisa, kila nusu itakuwa na 71,960, chini ya kiwango. Hakuna kalamu itakayochora maeneo 2 ndani ya Lamu kwa sensa hii na ikabaki ndani ya sheria. Wala huwezi kukopa watu wa Tana River, maana mipaka ya kaunti ni ukuta mwingine.

Na bado hamjasikia lililo gumu zaidi. Wadi nazo zina kipimo chao. Nchi ina wadi 1,450. Gawanya watu kwa wadi hizo, unapata 32,803. Lamu Mashariki nzima, wadi zake zote 3 kwa pamoja, haifikii kipimo cha wadi moja. Mwenye kusoma sheria kwa ukavu anaweza kusema Faza, Kiunga na Basuba ziwe wadi moja, na atakuwa ndani ya asilimia 40. Muboni wa Mararani atakuwa na diwani mmoja pamoja na mvuvi wa kamba wa Kizingitini, na kwa kuwa Faza ndiko waliko wengi, diwani huyo atatoka Faza kila uchaguzi. Watu ambao wameshapoteza shule na barabara watapoteza na mtu wa kuwasemea.

Sasa nawaomba wasikilizaji wa Lamu wanivumilie, kwa sababu nataka nisimame upande wa pili kwa muda. Kinango ina wadi 7. Kutoka Ndavaya hadi Kasemeni hadi Mackinnon Road ni nchi kavu, kubwa, ya ng'ombe na mbuzi, na mvua ikikosa misimu miwili watu wanapanga foleni ya maji. Mbunge mmoja. Mzazi wa huko anapoomba basari kwa mtoto wake wa sekondari anashindana na maelfu ya wazazi juu ya mfuko uleule, kiasi kilekile cha fedha, kinachopelekwa Lamu Mashariki. Huyu mzazi naye ni masikini. Naye yuko mbali na ofisi. Hakufanya kosa lolote kuzaliwa mahali palipojaa watu, na Katiba imemwahidi kwamba kura yake itakuwa sawa na ya Mkenya mwingine. Siwezi kumwambia asubiri miaka mingine 12.

Nimegusa mfuko, na hapa nitakaa kidogo, maana naamini ndiyo siri ya ugomvi wote. Tangu 2003, fedha za maendeleo za eneo bunge, zile tulizozizoea kwa jina la CDF na sasa NG-CDF, zimekuwa zikienda kwa eneo. Kwa sheria ya 2015 zinagawanywa sawa kwa maeneo yote 290, liwe na watu 22,000 au 300,000. Ndiyo maana watu wakisikia eneo bunge linafutwa hawafikirii hotuba za Bungeni. Wanafikiria madarasa, kituo cha polisi, karo. Wazee wanaokwenda kwenye vikao vya maoni na kanzu zao safi kulilia historia ya mji wao, historia ni ya kweli, lakini nyuma yake kuna hundi. Na mbunge anayewasafirisha wazee hao anaijua hundi hiyo kuliko wao.

Mfuko huu umepingwa mahakamani zaidi ya mara moja, na sitaki kuingia katika kesi hizo leo. Ninalosema ni hili: fedha za karo zimfuate mwanafunzi, kwa idadi yao, kwa umasikini wao, na kwa umbali wao na shule. Fedha za madarasa zifuate watoto na uchakavu wa majengo. Mtoto wa Kiunga apate zaidi kwa sababu kumfikisha shule ni ghali zaidi, na hilo liandikwe wazi, lisitegemee bahati ya mstari. Tukifanya hivyo, mstari utabaki na kazi yake moja ya kuamua nani anamsemea nani, na mtu wa Kinango na mtu wa Faza wataweza kuzungumza juu yake bila kuona kwamba mmoja anamnyang'anya mwenzake chakula.

Kisha kuna suala la visiwa. Uingereza, katika sheria yao ya mwaka 2020, walishikilia kwamba karibu maeneo yote ya Bunge yasizidi wala kupungua kipimo kwa zaidi ya asilimia 5, kubana ambako sisi hatujakufikiria. Lakini katika sheria hiyohiyo waliandika kwa majina maeneo 5 ya visiwa ambayo kanuni haitayagusa. Moja ni Na h-Eileanan an Iar, visiwa vya magharibi mwa Scotland, lenye wapigakura elfu 20 na kitu, wakati maeneo mengine yanatakiwa kuwa na zaidi ya 69,000. Hakuna aliyejificha. Walisema: hawa ni watu wa bahari, hawaunganiki na bara bila kuwapoteza, tunawapa kiti na tunajua tumewapa.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa Lamu Mashariki, na nakitaka kwa njia iliyo wazi, kwa kurekebisha Katiba na kulitaja eneo kwa jina pamoja na machache mno yaliyo kama hilo. Sitaki kinga ya jumla kwa maeneo 27, humo mna yale yaliyoungwa kwa lami na umeme na yanayoweza kuunganishwa na jirani bila mtu kupotea. Othaya si Kiunga. Tukitetea yote kwa pamoja, tutakuwa tunakitumia kisiwa cha Pate kama ngao ya watu ambao hawana shida hiyo, na Kwale ndiyo itakayolipa. Wabunge wa Pwani, wote 26 na maseneta wao, wana uwezo wa kukaa na kukubaliana mambo mawili kwa pamoja: Lamu Mashariki itajwe, na Kwale, Kilifi na Mombasa zipate haki zao kwenye maeneo ya nchi yaliyozidishiwa. Atakayesimamia moja bila ya jingine atakuwa anatugawanya.

Je, muda upo? Upo, kwa sababu isiyopendeza. Mapitio haya yalipaswa kumalizika ifikapo Machi 2024, miaka 12 tangu yale ya 2012. Hayakuanza. Mwezi Januari 2023 muda wa mwenyekiti Wafula Chebukati ulikwisha, na tume ikabaki bila makamishna hadi Julai 2025 walipoapishwa Erastus Ethekon na wenzake. Zaidi ya miaka miwili ofisi ilikuwa na wafanyakazi na haikuwa na wa kuamua. Tume yenyewe imesema kazi haiwezi kukamilika kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kwa hiyo tutapiga kura kwa mipaka ileile. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 sensa ilipofanyika atakuwa mpigakura mwaka huo, katika eneo lililochorwa kwa takwimu za wakati alipokuwa mchanga. Na juu ya hayo, mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilizikataa takwimu za sensa ya 2019 kwa baadhi ya sehemu za Mandera, Wajir na Garissa. Mzozo kama huo ulizuka 2010, serikali ilipofuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini. Kipimo cha nchi nzima kinatokana na jumla ya nchi nzima. Idadi ya Mandera ikibadilika, hesabu ya Kwale nayo inabadilika.

Kuchelewa huku kunawaumiza zaidi walio wengi ndani ya eneo moja, kila mwaka unaopita. Lakini kumetupa nafasi ya kujiandaa, na safari hii nafasi isitupotee. Baada ya mipaka kutangazwa katika Gazeti Rasmi, mtu yeyote ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu, na Mahakama ina miezi 3 ya kuamua. Mwaka 2012 zilifikishwa kesi zaidi ya 100. Wengi walirudi mikono mitupu, na sisi tusingoje kufika mahakamani ndipo tutafute ushahidi.

Kwa hiyo vyama vya wavuvi vya Kizingitini na Kiwayu, andikeni. Andikeni boti inatoka saa ngapi maji yakiwa makubwa na saa ngapi maji yakiwa mafu, nauli ni kiasi gani, na ni siku ngapi kwa mwezi haiondoki kabisa. Wazee wa Mangai na Milimani, andikeni shule ilifungwa lini na ikafunguliwa lini. Kinango, Magarini, Ganze, hesabuni watoto darasani, na pimeni kilomita kutoka kijiji cha mwisho hadi ofisi ya mbunge. Tume ina takwimu za sensa na picha za setilaiti. Hayo mengine haiyajui. Waraka uwe na majina, saini na tarehe, upelekwe ofisi ya IEBC ya kaunti, mpokeaji agonge muhuri, na nakala yenye muhuri ibaki kwenu.